Moto wa Kijani wa Mama Yangu

"Huyu ataishia kupuliza moto kama mamaye. Kuuelewa hataweza." Maneno hayo aliyasema Bi Chausiku mbele ya uwanja mzima, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale mbele yake, kibanzi cha mbao mkononi, nguo zikinuka moshi wa mikaratusi na vitunguu vilivyokaangwa kwa samli. Hadi leo harufu hizo mbili zikikutana puani mwangu, damu inachemka. Nimesoma, nimevuka bahari, nimerudi na diploma ya kemia niliyoitolea jasho langu mwenyewe, lakini hasira ile sijaiacha njiani, wala sikusudii kuiacha.

Ilikuwa Mbeya, miaka ya hamsini, katika miezi ile ya kipupwe ambapo ukungu wa mlima Loleza hushuka mpaka kwenye vibaraza na watu huota moto tangu alfajiri. Mama yangu, Bi Mwajuma, alikuwa mpishi wa shughuli. Hapakuwa na harusi ya maana katika mtaa wetu wa Waislamu iliyopikwa na mkono mwingine, na nasema hivyo bila haya kwa sababu ni kweli. Pilau yake waliisifu hata Walutheri waliokuja kula kwa adabu tu. Siku hiyo mpwa wa Bi Chausiku alikuwa anaoa. Mume wa Bi Chausiku alifanya kazi kwenye ghala la kahawa, na ili kuokoa gharama za kuni aliwaletea wapishi makasha yaliyovunjwa, mbao kavu kabisa, zenye madoa ya buluu. Mama alizipanga chini ya masufuria pamoja na magogo ya mkaratusi, akapuliza. Moto ukashika vizuri. Kisha ndimi zake zikageuka kijani.

Sisemi kijani cha kubahatisha. Kilikuwa kijani cha jani la mgomba, kikipanda pembeni mwa sufuria na kuwamulika akina mama waliokuwa wakichambua mchele. Mmoja aliangusha ungo. Bi Chausiku akaja mbio, ameshika pindo la kanga.

"Mwajuma! Umetia nini humo?"

"Nimetia kuni, dada. Kuni zenu."

"Kuni zetu ndizo zinawaka kama macho ya paka? Unataka kumfunga kwa uchawi mtoto wa watu siku ya ndoa yake?"

"Dada, mimi nimekuja kupika."

Wakamwaga pilau ya mama. Wali mzima, nyama nzima, vikaenda shimoni huku wageni wakingoja. Mama alikunja mkeka wake, akachukua mwiko wake, akatoka bila kutukana mtu. Mimi nilibaki nyuma, nikaokota vibanzi viwili vyenye madoa ya buluu. Nyumbani nilitia kimoja katika mafiga yetu, nikaona kijani kile kile kikichomoza palipokuwa na doa, na penye mbao safi moto ukabaki wa kawaida. Nilifurahi kama mtu aliyepata ushahidi wa kumtoa mzazi wake jela. Nikarudi mbio uwanjani na kibanzi kingine. "Bi Chausiku, ni hizi mbao! Njoo nikuonyeshe!" Ndipo aliposema yale maneno, watu wakacheka, na mumewe, aliyejua mbao zimetoka wapi, akatazama viatu vyake.

Msomaji aliyekulia kwenye umeme huenda asielewe adhabu tuliyopewa baada ya hapo. Siku zile viberiti vililoa kwa ukungu, na nyumba ambayo moto wake umezimika asubuhi ilimtuma mtoto kwa jirani na kigae, akapalie makaa mawili matatu. Leo wewe kwangu, kesho mimi kwako. Hivyo ndivyo mtaa ulivyojuana. Baada ya harusi ile, nilipobisha na kigae changu niliambiwa, "Nendeni mkawashe wa kwenu wa kijani." Na watoto wao hawakuja tena kupalia kwetu. Kazi ya upishi ilikatika, lakini kilichomliza mama ni kigae kurudi kitupu. Wawili tu ndio waliotupa moto msimu ule. Wa kwanza alikuwa jirani yetu Mama Atupele, Mnyakyusa na Mlutheri, aliyenijazia kigae huku akifoka kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Moto ni moto! Wangu nao umetoka kuzimu?" Wa pili alikuwa Mzee Nsajigwa, fundi viatu, aliyenipa makaa ya kupashia pasi yake bila kuuliza neno.

Niliondoka na jambo hilo kifuani. Nilikwenda nalo shule Iringa, ambako nilikuwa wa kwanza darasani na sikumwachia mtu nafasi hiyo, kisha nikaenda nalo ng'ambo. Huko nilijifunza kwa nini. Doa lile la buluu lilikuwa mrututu, dawa ya kunyunyizia kahawa, na ndani ya mrututu mna shaba. Jua likiupiga, mrututu humeza sehemu nyekundu ya mwanga na kutuachia buluu. Ukiupasha moto mkali, chembe za shaba hupokea nguvu ya joto na kuitoa tena kama mwanga wa rangi yao wenyewe, nao ni kijani. Kila kitu kina rangi zake za kumeza na zake za kutoa, na hakimuulizi mtu kama anaoa au anazika. Basi ni hilo tu lililommwagia mama yangu pilau.

Nilirudi nikiwa na suti na diploma, na siku ya Idi mama akapika. Niliwaita wote, na wote walikuja, kwani pilau haikusahaulika. Baada ya kula nilifunga madirisha ya chumba, nikawasha spiriti niliyoikoroga na chumvi ya jikoni. Chumba kikawa cha manjano tupu. Bi Chausiku alijitazama akashtuka.

"Kanga yangu! Si ilikuwa nyekundu?"

Ilikuwa imegeuka rangi ya tope. Nikamweleza kwamba mwanga wa chumvi ni manjano peke yake, hauna wekundu wa kanga hiyo kuurudisha. Kisha nikaleta jiko, nikatia kibanzi kilichochovywa kwenye mrututu. Kijani kikapanda.

"Kwa hiyo zilikuwa mbao," alisema Bi Chausiku polepole.

"Mbao za mumeo, Bi."

"Tulikuwa hatujui, mwanangu."

Kutojua nasamehe, hata mimi nilikuwa sijui. Kukataa kuonyeshwa sisamehe. Leo barabara kuu inayopita Mbeya kwenda Iringa imewekwa taa za manjano, manjano ile ile iliyomo katika chumvi, na watu wanapita chini yake nyuso zimepauka kama maiti, wala hakuna anayeuliza nani amemfunga nani. Taa zimekuja na wakubwa, kwa hiyo ni maendeleo. Ya mama yangu ilikuwa uchawi kwa sababu alikuwa anapuliza moto kwa mdomo.

Asubuhi iliyofuata Idi ile, mama alitoa kigae cha zamani, akakijaza makaa mwenyewe, akanikabidhi. Nikavaa suti yangu, nikakibeba barabarani, watu wakinitazama madirishani. Nilianza kwa Mzee Nsajigwa, akapashia pasi yake, akaitikia kwa kichwa. Halafu nikaenda kwa Mama Atupele. Alikuwa na viberiti vikavu mezani na stovu ya mafuta ya taa, lakini alipokea kigae kwa mikono miwili. "Ndaga, mwanangu, ndaga," alishukuru. Akayamimina makaa jikoni, akayapuliza, akainama kuyatazama kwa makini.

"Mbona mwekundu tu?" akaniuliza. "Mimi nilitaka ule wa kijani."