Meza Niliyoipima kwa Kiuno Changu

Nilipojenga jiko la uani kwenye nyumba yetu ya Ilala, miaka mingi iliyopita, nilimwambia fundi ainue meza ya zege mpaka hapa, nikajishika kiunoni. Mimi ni mrefu. Mke wangu ananifika kwapani. Na mimi, Mungu ananiona, sijawahi kusonga hata ugali.

Hakulalamika. Alitafuta kreti tupu la soda, akalipindua, akapanda juu yake, akapika. Kila mgeni nilimwita aje amwone. "Tazama mama watoto, anahutubia mkutano wa hadhara!" Tulicheka, naye alicheka. Nilidhani tunacheka pamoja.

Mwaka huu kreti liliteleza. Alianguka na sufuria ya mchele, heri maji yalikuwa hayajachemka, akaumia nyonga. Watoto wetu wakachanga milioni mbili jiko litengenezwe kabla hajainuka na kupanda kreti tena.

Nilikwenda Kariakoo siku ile ile, karatasi mkononi. Muuza duka alinionyesha marumaru zinazong'aa na makabati ya kutundika ukutani. "Mzee wangu, ukiweka hizi, mama hatoki jikoni." Nikaandika bei zote. Vitu hivyo viwili peke yake vilikula milioni na nusu. Nikarudi na furaha zangu, nikamsomea mke wangu kitandani.

"Na meza?" akauliza.

"Meza si ipo?"

"Ipo, baba. Ipo kifuani kwangu."

Nikageuza karatasi. Akanitajia mwenyewe, nami nikaandika: kuvunja meza, kuzoa kifusi, saruji, mchanga, kuvuta maji mpaka kwenye sinki, ujira wa fundi, chakula cha fundi.

"Chakula chake nacho kiingie humu?"

"Kwani utampikia wewe?"

Nikaandika chakula.

"Na laki tatu usiziguse."

"Za nini?"

"Za tusilolijua."

Makabati tukayafuta. Marumaru zikabaki za ukuta mmoja tu, pale mafuta yanaporukia.

Fundi alipofika, alinisalimu shikamoo, nikaitika, naye akanisogelea na futi yake. Nikamwambia, "Mpime yule." Mke wangu akaja akijishikiza ukutani, akakunja kiwiko, fundi akapiga alama ya penseli chini yake.

"Mama, mbona fupi hivi?"

"Wewe ndiye utakayepika?"

Fundi akacheka. Mimi nilitazama chini. Swali hilo nilistahili kuulizwa mimi, nikiwa bado kijana mwenye nguvu za kusikia.

Meza ya zamani ilipovunjwa, tulikuta bomba la maji machafu chini yake limeoza lote. Laki tatu zikaishia hapo. Nilimtazama mke wangu nikisubiri aniseme. Alikuwa anachambua mchicha, hana habari nami.

Siku alipoweza kusimama vizuri aliingia jikoni, akaweka kibao juu ya meza mpya, akakata kitunguu. Nyayo zake zote mbili zilikuwa sakafuni. Nilisimama mlangoni.

"Nisamehe, mama."

Hakugeuka. Alilisukuma lile kreti kwa mguu, taratibu, mpaka likanifikia.

"Kaa hapo, umenye viazi."

Nikakaa. Likayumba upande wa kulia, nikashika ukuta. Nililikagua: kona moja ilikuwa imepasuka, ufa wa zamani, umejaa masizi. Miaka yote hiyo lilikuwa linayumba.