Aliyeachwa Amesimama Uwanjani

Shuleni walimwita Kipenga, na jina likamfuata hadi nyumbani, mpaka mama yake, fundi cherehani asiyependa utani, naye akalizoea. Sauti ya binti huyo ilikuwa nyembamba na kali. Akikuita ukiwa ng'ambo ya uwanja, unajikuta umesimama wima kabla hujajua umekosa nini. Mwili ndio hakujaliwa. Sare ya kiranja wa bendi aliyorithi kwa mtangulizi wake ilimpwaya vibaya, ikabidi mama aifumue mabega na kuishona upya, huku akinung'unika kwamba siku hizi shule inachagua viongozi kwa kupima mdomo.

Na kiranja wa bendi si cheo cha kukaa kungojea shikamoo. Yeye ndiye anayefungua stoo asubuhi, ndiye anayejua tarumbeta lipi lina tobo lililozibwa kwa nta, mtoto yupi akikaripiwa analia na yupi akibembelezwa anaharibika. Kipenga aliyajua yote hayo. Ila alipenda kuamrisha kuliko kuwatazama anaowaamrisha, na bendi yenyewe ilimdekeza, maana kwao kiranja akiwa mbele hageuki nyuma. Anawasikia tu. Mwalimu wa bendi, mstaafu wa bendi ya jeshi ambaye sikio lake moja liliuawa na matarumbeta, alishikilia kwamba kiongozi anayegeukageuka anawaambia watu wake kuwa hawaamini.

Walikuwa na desturi nyingine. Mazoezi yakiisha, hakuna anayeondoka uwanjani kabla kiranja hajasema "Tawanyika!" Wakishaondoka, kiranja mwenyewe hubaki amesimama peke yake, mpaka mpiga ngoma kubwa ampigie pigo moja. Pigo hilo ndilo ruhusa yake. Wageni waliona ni mchezo wa watoto, lakini wao hawakuwahi kuivunja desturi hiyo.

Mpiga ngoma kubwa waliyekuwa naye aliitwa Taratibu. Pande la mtu, mpole kama maji ya mtungini, haongei mpaka aongeleshwe. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimebanduka soli, kwa hiyo akikanyaga unasikia ta, halafu soli inafuata nyuma, pa. Kipenga alimgombeza kwa kile kiatu muhula mzima. Taratibu alitabasamu na kusema atakishona.

Siku ya kufunga shule, wingu likiwa limeshajikusanya, Kipenga aliwasimamisha mstari na kuwatisha: "Atakayesogea kabla sijasema, bendi aisahau!" Hapo hapo mvua ikamwagika, uwanja wote ukafichika. Kipenga akaikumbuka sare yake, akaikumbuka mishono mipya ya mama, akatimua mbio kwenda barazani. Wenzake walipoona kiranja amekimbia, nao wakakimbia. Walifika barazani wamelowa, wakachekana, kisha kila mtu akaenda zake likizo. Neno "Tawanyika" halikusemwa na mtu.

Likizo haijaisha, Taratibu alibanwa na kifua, akafa. Shangazi yake aliwaambia waombolezaji kwamba kifua kilimsumbua tangu utotoni, na hakuna aliyetafuta wa kulaumiwa. Lakini shule ilipofunguliwa, mlinzi wa geti alimvuta Kipenga pembeni.

"Binti yangu, yule mwenzenu siku ile nilimkuta katikati ya uwanja, mvua inampiga, ngoma iko kifuani. Nikamuuliza, kijana, unangoja nini hapa? Akaniambia, sijaruhusiwa, baba."

Kipenga hakumweleza mtu yeyote. Majuto ni mjukuu, na huyu wake alikuja akikimbia.

Ngoma kubwa ilitundikwa stoo, uso wake ukielekezwa ukutani, na hakuna aliyekubali kuibeba. Katika safu ya nyuma waliacha nafasi yake wazi. Zoezi la kwanza, Kipenga alipuliza kipenga, bendi ikaanza kutembea. Hawajafika mbali, akasikia nyuma ya miguu yote, taratibu, bila haraka: ta-pa, ta-pa.

Akawasimamisha. Miguu yote ikatua pamoja, na baada ya hapo ikatua soli moja iliyochelewa.

Aliwaamuru wainue miguu, mmoja baada ya mwingine, akazikagua soli kama fundi viatu anayetafuta riziki. Zote zilikuwa nzima. Binti mdogo wa matoazi, aliyesimama jirani na ile nafasi tupu, alimwambia kwa sauti ya kunong'ona, "Dada, si mimi. Ni huku pembeni yangu. Na pana baridi, dada, shika uone."

Kipenga hakushika. Alimwambia aache uzushi.

Kila siku ikawa hivyo. Ngoma ndogo zikipiga, mlio haupo, zikinyamaza, upo. Watoto wakaanza kupungua: huyu jino, yule tumbo, na ghafla bibi wa kila mtu akawa mgonjwa. Kipenga akazidisha ukali, ndio kwanza akawakimbiza. Mwalimu wa bendi akamwita.

"Binti, kesho tunatoka mbele ya wazazi. Mkuu wa shule amesema safu ikivurugika, na ngoma kubwa isipokuwepo, vyombo vyote vinapelekwa shule nyingine. Mimi nimeshazeeka, siwezi kuwashika. Wewe ndiye wanayekufuata."

Wananifuata wote, aliwaza Kipenga, hata yule.

Mchana huo alikwenda nyumbani kula. Mama alikuwa kwenye cherehani, akamtazama bega.

"We Kipenga, nani kakufumua hapo?"

Kweli, mshono wa bega ulikuwa umeachia, uzi unaning'inia.

"Umefumuka wenyewe, mama."

"Haufumuki wenyewe. Hapo sikufunga fundo, nilikuwa na haraka. Uzi usiofungwa haukusubiri, mwanangu." Akauvuta uzi karibu, akamkagua na uso. "Na wewe una jambo. Mficha uchi hazai. Sema."

Kipenga akasema yote, mpaka ta-pa. Alilia kama mtoto aliyevunja kitu cha watu. Mama hakukimbilia kumbembeleza. Aliweka mkono juu ya gurudumu la cherehani.

"Yaani ulikimbia kwa ajili ya nguo niliyokushonea?"

"Ndiyo, mama."

"Nguo hukauka, mwanangu."

Alifunga lile fundo begani, akakata uzi kwa meno, akamrudisha shule.

Alasiri mawingu yalikuwa yamerudi. Kipenga alikusanya waliobaki, akaenda mwenyewe madarasani kuwaomba waliojificha. Aliwaomba, na hilo lilikuwa jipya. Akawapeleka hadi katikati ya uwanja, nyuma yao ta-pa, ta-pa, akawasimamisha. Kisha akageuka.

Hakuwahi kuzitazama nyuso zao wakiwa kwenye safu. Walikuwa watoto tu, midomo imekauka kwa woga, macho yote kwake.

"Siku ya kufunga niliwaambia msisogee," alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo. "Halafu nikakimbia mimi. Mmoja wenu alinitii. Nikamwacha kwenye mvua." Akaitazama ile nafasi tupu. "Taratibu. Umesimama vya kutosha. Nisamehe, ndugu yangu. Tawanyika."

Tone la kwanza la mvua likaanguka.

Kisha nyasi za safu ya nyuma zikalala. Ta-pa. Binti wa matoazi alivuta bega lake ndani kidogo, kama unavyompisha mtu mwenye mzigo. Ta-pa, ta-pa, kuvuka uwanja kuelekea stoo, mpaka haikusikika tena.

Hakuna aliyepiga kelele. Mvua iliongezeka na hakuna aliyekimbia. Walikuwa wanamngoja yeye. Kipenga akawaruhusu safu kwa safu, akimtazama kila mmoja usoni: filimbi nendeni, matarumbeta nendeni, ngoma ndogo, matoazi. Wote wakafika barazani, wakageuka kumtazama.

Yeye akabaki. Mvua ilimpiga kichwani, ikaingia begani penye fundo jipya.

"Binti, njoo huku utaumwa!" mwalimu aliita.

Hakujongea. Hapakuwa na mtu wa kumpigia pigo lake, na alilijua hilo tangu alipogeuka. Aliogopa sana. Alifikiri kwamba hivi ndivyo mwenzake alivyosimama, akiamini tu kwamba atakumbukwa. Ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwake, akaushika.

Ndani ya stoo iliyofungwa, ngoma kubwa ikalia. Pigo moja, zito, taratibu. Hata mwalimu, na sikio lake bovu, aligeuza kichwa.

"Asante," alisema Kipenga. Akaondoka uwanjani akitembea.

Barazani walimpisha. Binti wa matoazi, maji yakimchuruzika, meno yakigongana, alinyoosha kiganja.

"Nipe ufunguo, dada. Kesho ngoma nabeba mimi."