Mkandaji wa Wawi aliyeogopa kuguswa

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Wawi, kisiwani Pemba. Moshi unapanda uani kwa Jecha, na sufuria la maji yenye majani ya mpatakuva limekwisha tokota. Chumbani, mzazi wa siku tano amekaa kwenye kigoda. Nyuma yake Bi Kazija Hamad amekunja mikono ya gauni mpaka kwenye visugudi.

Anachovya kitambaa, anakikamua, anakibandika mgongoni kwa mzazi. Mzazi anaruka. Bi Kazija anamtuliza kwamba hayo ni maji ya uvuguvugu tu. Maji ya moto hasa ni yale aliyokandwa nayo yeye na marehemu mama mkwe wake, mwanamke ambaye angeweza kuivisha mbaazi kwa kuitazama.

Juu ya gauni amevaa fulana ya rangi ya waridi, kubwa kiasi cha kumtosha yeye na mzazi kwa pamoja, na juu ya fulana amejifunga kanga isirowe. Leo ni Jumamosi ya matembezi ya hisani ya kupiga vita saratani ya matiti, na saa moja na nusu wanawake wanakutana Wawi kwenda Chake Chake kwa miguu.

"Leo n'na haraka," anasema huku akikaza mkaja tumboni mwa mzazi, kile kitambaa kirefu cha kurudisha tumbo mahali pake. "Nikikubana sana sema. Ukinyamaza nitazidisha."

Bi Kazija ana miaka sitini na mitatu, na thelathini na minne kati ya hiyo ameila kwa kukanda wazazi. Hajui amekanda wangapi. Anachojua ni kwamba watoto wa hao aliowakanda wanajaza skuli mbili, na hakuna hata mmoja anayemwamkia vizuri. Kwa siku saba za kukanda hupewa shilingi elfu thelathini na doti ya kanga. Nyumba isiyo na kitu humpa muhogo na dua, na yeye hupokea vyote, ingawa anasema dua haichemki kwenye chungu.

Hii ni mara yake ya tatu kutembea. Wanaomwona mbele ya msafara akiwachekesha watu hudhani ametiwa hamasa na mkutano au redio. Sivyo. Yeye mwenyewe haoni tabu kueleza, na akieleza hapo hatii mzaha.

Miaka sita iliyopita alimkanda Mwanawema Mjaka, fundi cherehani, aliyekuwa amejifungua mtoto wa tatu. Titi la kushoto lilikuwa na kitu kigumu. Bi Kazija alilishika, akasema maziwa yamevilia. Alilikanda kwa maji ya moto, akalichana kwa chanuo la mti kutoka juu kuja chini, kama alivyofunzwa na mama mkwe wake na kama mama mkwe alivyofunzwa na wa kwake. Kile kitu hakikuyeyuka. Akaongeza moto.

"Arubaini ikesha, nikawa bado nakwenda," anasema. "Kila siku n'kimwambia kesho kitalainika. Yeye akiamini nkono wangu, nami nkiuamini zaidi yake."

Mwezi wa nne tangu kujifungua, mume wa Mwanawema hakusikiliza tena mtu. Alimpeleka mkewe hospitali, na kutoka huko akavushwa Unguja, kisha Dar es Salaam. Alirudi baada ya miezi minane akiwa na titi moja na nywele kama za kifaranga.

Leo Mwanawema ana miaka thelathini na minane, na bango linalotangulia msafara amelishona yeye. Ukimuuliza kama amemsamehe mkandaji wake, anacheka.

"Kila Ijumaa huja kuniomba radhi," anasema. "Nimemsamehe mpaka nimechoka. Sasa akija namtuma kisimani."

Tangu hapo Bi Kazija akikuta kitu kigumu kisicholainika kwa siku mbili, haongezi moto. Anamfunga mzazi mkaja, anamfunga buibui, anampeleka hospitali yeye mwenyewe. Ameshapeleka wanawake kumi na saba. Kumi na watano yalikuwa kweli maziwa au majipu, wakarudi wakimnung'unikia kwa kuwapotezea siku. Wawili hawakurudi siku hiyo. Wote wawili wako hai, na nauli ya boti iliyowavusha Unguja ilitoka kwenye matembezi haya, kwani kila fulana inauzwa shilingi elfu kumi na fedha yake ndiyo inayosafirisha wagonjwa.

Lakini asubuhi hii akiosha mikono uani kwa Jecha, wa kumi na nane ndiye aliyemkaa rohoni. Na huyo wa kumi na nane hataki kwenda popote.

Ni Masika Himid, shoga yake tangu walipokuwa wakisoma chuo kimoja cha Kurani na kuchapwa bakora moja. Masika ni mjane, mchambuaji karafuu, mwanamke mwembamba asiyekubali kushindwa neno. Siku kumi na moja kabla ya matembezi alikuja kwa Bi Kazija akandwe bega, maana alikuwa amebeba pakacha la karafuu mbichi kutoka shamba na bega likakataa kurudi mahali pake. Bi Kazija akapaka mafuta ya nazi, akakanda, mkono ukateleza mpaka kwapani, na chini ya kwapa, ubavuni mwa titi, ukakuta kitu kama kokwa la zambarau.

Alilisukuma. Halikwenda.

Alinyanyua mkono akaufuta mafuta kabla hajamaliza kukanda, jambo ambalo Masika anasema lilimtisha kuliko kokwa lenyewe. Kisha akamwambia. Masika akasema basi kanda. Bi Kazija akasema hili silikandi.

Katika miaka thelathini na minne hakuwahi kumkatalia mtu. Masika alichukulia kuwa amefukuzwa. Alivaa, akatoka na bega lake lile lile, na tokea siku hiyo wakikutana njiani walisalimiana kwa salamu fupi, ile ambayo hata asiyependana na mtu humpa kwa kuogopa dhambi. Bi Kazija alituma watu. Masika akajibu kwamba Mungu aliyemuumba anajua alichokiweka humo.

Hata hivyo, saa moja na nusu alikuwapo. Alisema fulana imekwisha lipiwa, na yeye hakuzaliwa kuitupa elfu kumi.

Matarumbeta yalianza, bango likanyanyuliwa, na wanawake mia tatu na ushei wakaingia barabarani, fulana za waridi juu ya mabuibui, wengine na watoto mgongoni. Harufu ya makonyo ya karafuu yanayopikwa mafuta iliwafuata mpaka nje ya Wawi. Bi Kazija alikwenda upande wa kulia wa barabara. Masika akachagua wa kushoto.

Barazani kwa Mzee Shaame kulikuwa na wanaume watatu na kahawa. Mzee Shaame aliuliza kwa sauti kama wanawake wa Wawi wanakwenda kuposa. Bi Kazija alimjibu, bila kupunguza mwendo, kwamba wanakwenda kupimwa vifua, naye akitaka aje, maana wanaume nao huupata ugonjwa huu, na wapimaji watakitafuta tu kifua chake hata kama kimeshuka kikawa tumbo. Upande wa kushoto wa barabara ulicheka wote isipokuwa mtu mmoja, na huyo naye ilibidi avute ukaya afunike mdomo.

Safari ni kilomita nne na kidogo. Kwenye kilima cha kuingilia Chake Chake matarumbeta yaliishiwa pumzi, na Masika akawa anahamisha mkoba wake kutoka bega hili kwenda lile, kisha anaurudisha. Bi Kazija alivuka barabara, akauchukua, akautia begani kwake. Walipanda kilima hivyo hivyo, mmoja na mikoba miwili, mwengine na mikono mitupu isiyojua pa kukaa.

Uwanjani yalisimamishwa mahema mawili. Moja la maji ya machungwa. La pili lilikuwa na pazia la buluu, na ndani yake muuguzi, Bi Mwanapili, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, akiwapima wanawake mmoja mmoja na kuwaonesha namna ya kujipima nyumbani. Wanawake walijaa la machungwa. Penye pazia palikuwa na foleni ya watu wanne, na wawili kati yao walikuwa wakisindikiza.

Bi Kazija alianza kazi yake. Aliwashika watu mikono, akawatania, akawakumbusha kwamba mficha uchi hazai, na kwamba wengi wao yeye alishawaona kila kitu wakiwa kwenye kigoda wakilia, kwa hivyo haya hiyo ni ya nini leo. Foleni ikawa ndefu. Mwisho akasimama mbele ya Masika, aliyekuwa anakunywa gilasi ya tatu ya machungwa kama mtu aliyetumwa ayamalize.

"Twende, shoga."

Masika alimtazama juu mpaka chini.

"We uliingia mwaka gani humo?"

Bi Kazija aligeuka akajifanya anaihesabu foleni.

"Mwaka juzi ulitembea. Mwaka jana ukatembea. Watu umewatia humo kama kuku tunduni. We uliingia lini?"

Waliokuwa karibu waligeuka. Wengi walikuwa hawajawahi kuuona ulimi wa Bi Kazija ukienda likizo.

Jibu lilikuwa kwamba hajaingia kamwe. Kifua chake hakijaguswa na mtu tangu mtoto wake wa mwisho alipoacha ziwa, na yeye mwenyewe akioga hupitisha mkono mbio mbio kama anayepita nyumba yenye mbwa. Sababu yake aliijua mtu mmoja tu uwanjani pale. Bi Kazija alipokuwa na miaka kumi na tisa, mama yake alifariki na kidonda cha kifua ambacho nyumbani hakikutajwa jina. Kilikuwa kikifungwa kitambaa, na kitambaa kikifichwa. Siku ya kuosha maiti ndipo Kazija alipokiona. Na Masika ndiye aliyekuwa akimchotea maji.

"Kinyozi hajinyoi," Masika alisema, sasa kwa sauti ya chini, "lakini vinyozi wako wengi. N'naogopa mie, Kazija. Nawe unaogopa. Usinifanye n'ogope peke yangu."

Bi Kazija aliweka mikoba yote miwili chini. Alijifunga kanga vizuri, akaifungua, akajifunga tena.

"Basi mie mbele," alisema. "Lakini ukikimbia, nitakukamata kwa hilo bega bovu."

Kilichotokea nyuma ya pazia kimesimuliwa na wote watatu, na wanatofautiana kidogo. Wanakubaliana kwamba Bi Kazija alilala kitandani macho ameyafumba na kidole cha shahada kimenyooka. Wanakubaliana kwamba Bi Mwanapili alipomgusa, alifumbua jicho moja akamuuliza kama mikono hiyo ameitoa kwenye barafu, akamfundisha kuisugua kwanza mpaka ipate moto, kwani mwanamke akishtuliwa na baridi hukaza mwili wote na hapo hutakuta kitu ila hofu yake. Muuguzi aliisugua. Anasema waliofuata siku hiyo aliwapima wote kwa namna hiyo, na kweli, walilegea.

Hakukuwa na kitu. Bi Mwanapili alipima upande huu na ule, akarudia, akasema Alhamdulillahi, na amwone tena mwaka ujao. Bi Kazija anasema hakulia. Masika anasema kanga aliyoshikishwa ilirowa, na siku ile mvua haikunyesha.

Kisha alilala Masika. Bi Kazija alisimama kichwani, akamshika mkono. Muuguzi alilikuta kokwa. Alilipima kwa vidole, akaandika karatasi. Alimweleza kwamba ni dogo, kwamba si kila kivimbe ni saratani, na kwamba anatakiwa hospitali Jumatatu saa mbili apigwe picha ijulikane ni nini. Likiwa ni baya, alisema, dogo lina dawa zaidi kuliko kubwa.

"Aliyeliona nani?" muuguzi aliuliza.

"Huyu," Masika alisema. "Kalikuta akitafuta bega."

Siku hiyo hema lenye pazia lilipima wanawake sitini na mmoja. Kabla ya kuondoka, Bi Kazija alimshika Bi Mwanapili pembeni wakapanga jambo. Mwezi ujao wakandaji tisa wa Wawi na vijiji vya jirani watakutana kwa Bi Kazija, na muuguzi atakuja kuwaonesha maziwa yaliyovilia ni yepi na kitu gani si cha kuchomwa kwa maji. Mwanawema amekubali kukaa mbele yao awaoneshe kovu lake. Ametoa sharti moja, kwamba chanuo la mti liwekwe mezani, na kila mkandaji aliyewahi kulitumia anyanyue mkono. Bi Kazija amesema wa kwanza kuunyanyua ni yeye.

Alasiri, miguu imevimba na fulana imeanikwa kwenye kamba, Masika amekaa kwenye kigoda uani kwa Bi Kazija. Karatasi ya muuguzi ameitia kwenye msahafu isipotee. Jumatatu wataondoka pamoja saa moja, na tayari wameshagombana kuhusu nani atalipa nauli ya gari.

Bi Kazija anasugua viganja mpaka vipate moto, anachota mafuta ya nazi, anaanza kulikanda lile bega lililobaki nusu kwa siku kumi na moja. Masika anafumba macho. Mkono unazunguka, unashuka, unafika ukingoni mwa kwapa, unasimama.

"Mbona umeacha?"

"Hapa ndipo mpaka wa shamba langu," Bi Kazija anasema, na mkono unarudi begani. "Kule kuna mwenyewe. Jumatatu tutamwendea."