Tulihama nyumba yenye jini, kumbe jini lilikuwa guniani

Wakuu, salaam. Wakubwa shikamooni. Hii sijaisoma popote, nimeiishi, na nikitia chumvi Mungu ananiona.

Ni Fukayosi, Bagamoyo, miaka ya sabini mwanzoni. Nilikuwa binti wa miaka kumi na saba. Mvua ilitukuta na mahindi shambani, tukayavuna na unyevu wake, tukayatia guniani.

Mama alikuwa na utaratibu wake. Anamwaga mahindi kwenye ungo, anachambua. Meupe yetu. Yenye ukungu wa kijani anayaosha, anayaanika, anajipikia kande. Mabovu kabisa wanapewa bata. Nikimuuliza anasema, "Nyie bado mnakua. Mimi tumbo langu limeshazoea."

Tukala meupe yetu, tukashiba.

Kisha bata wakaanza kufa. Jeraha hawana. Asubuhi unawakuta jikoni wamekunja shingo nyuma, macho juu, kama wanaangalia kitu darini. Walikufa saba. Wawili tuliowapeleka kwa jirani wakapona. Hapo bibi akanong'ona kwamba mle ndani mna kitu.

Mama naye kila homa inayopita inamshika. Kidonda cha kidole miezi hakifungi. Wakuu, niseme ukweli, niliogopa kulala chumba kimoja na mama yangu mzazi. Najuta mpaka leo.

Baba akaleta mtu wa kuisomea nyumba, ubani ukafukizwa. Wapi. Tukajenga ng'ambo ya bonde, tukahama na kila kitu, gunia likiwemo, maana chakula hakitupwi. Bata wawili wakarudishwa. Wiki haikuisha, shingo nyuma.

Baba alikaa chini. Akasema, "Limetufuata."

Mama akaota uvimbe mgumu chini ya mbavu za kulia, macho yakawa njano. Alikufa kabla ya Ramadhani. Wiki yake ya mwisho bado alikuwa anatuchambulia meupe.

Miaka mingi baadaye daktari mmoja akanieleza habari za sumukuvu, sumu ya ukungu. Inashusha kinga ya mwili, na ukiila muda mrefu inaweza kuleta saratani ya ini. Kuosha na kupika hakuimalizi. Hakuapa kwamba ndiyo iliyomuua mama. Mimi nilikuwa nawaza gunia tu. Siku ya kuhama nililibeba mimi, kichwani.

Kwa hiyo mahindi yenye ukungu tupeni, hata bata msiwape. Na kama nyumbani kwenu yupo anayejitengea mabovu, mpokonyeni sahani leo.

Wenzangu wa huku, kwenu bata walikufa hivi? Semeni, nasoma.