Siku ya Kurudisha Funguo

Nisikie mtu anasema mdogo wangu Egide ni mzembe, tutakosana. Amekaa miaka chumbani kwetu hapa Mbugangari akitengeneza programu ya kutunza faili za wagonjwa, na hamdai mtu hata faranga. Iko wazi mtandaoni. Zahanati za huku na za Goma zinaichukua bure, na akitoa toleo jipya linaingia lenyewe kwenye kompyuta zao. Haya yote huku anamuuguza mama.

Mwaka jana alipata msaidizi, Manzi, mtu wa mtandaoni tu. Alirekebisha makosa vizuri, bila haraka, na kila Jumapili aliandika kumjulia hali Egide.

Mama akafa. Msiba wetu mnaujua, mfiwa hagusi kazi. Jirani yetu Cansilde akashika jiko, mzee Nzabonimpa akachukua ufunguo wa geti. Manzi naye akaandika: "Pole, kaka. Nipe funguo zako, zile namba za siri za kutolea programu, nishughulikie toleo jipya, wewe umlilie mama." Egide akampa. Wewe ungefanyaje?

Siku ya kunawa, tulipofunga msiba, kila mtu alirudisha alichokishika. Ufunguo wa geti, sufuria, hata kamba ya mbuzi. Egide akamwandikia Manzi arudishe zile funguo za programu. Manzi akajibu, "Bado kidogo."

Bado kidogo! Egide alibadilika uso. Akalifungua lile toleo jipya alilolitoa Manzi, akalilinganisha na maandishi ya programu ambayo kila mtu anayaona. Ayiwe! Ndani mlikuwa na kitu ambacho kule hakipo, kijia cha siri cha kupeleka majina ya wagonjwa na maradhi yao kwa watu tusiowajua. Zahanati mbili zilikuwa zimeshalipokea.

Akafuta funguo zote, akaliondoa toleo, akazipigia simu zahanati moja baada ya nyingine akikiri kosa lake. Wengine walimtukana, naye akapigia zahanati inayofuata. Sasa toleo halitoki mpaka watu wawili walikague, na hata yeye mwenyewe hawezi kulitoa peke yake.

Jumapili iliyofuata nilimkuta ameishika simu, machozi yanamtoka. Nikawaka. "Bon, sasa unamlilia mwizi?"

"Dada," akasema, "watu wote hao wanatumia kazi yangu. Ni yeye tu alikuwa ananiuliza kama mi nimekula."