Kanga Juu ya Televisheni

Walisema sitoweza. Binamu yangu wa mtaa wa Qurum, Maskati, alisema, na jirani yetu wa Ghubra alisema. Leo nna diploma ya elektroniki niliyoisomea ng'ambo kwa jasho langu, na bado ninajivunia zaidi lile: nilimaliza mchezo wa video wa Kijapani bila kujua herufi yake hata moja.

Juzi, niliporudi Maskati, nilimwona mpwa wangu anazima mashine yake ya michezo katikati ya vita na kwenda zake. Mchezo ulikuwa umejihifadhi wenyewe. Nikakumbuka zamani.

Zamani hizo, binamu alikuwa na kompyuta na michezo ya Kizungu. Unafungua, bunduki iko mkononi, unapiga kila kinachotikisika, na unahifadhi popote. Wa Kijapani ulitaka adabu. Unaingia kila nyumba, unaamkia watu, unatembea nusu saa pangoni, na huhifadhi mpaka ufike kwenye kisima kinachong'aa. Herufi zake nilizichora kwenye daftari la hesabu: hii dawa, hii upanga, hii kimbia. Binamu akinicheka, akiniambia nimalize kwanza Kiarabu changu.

Mashine na mchezo wake niliazima kwa jirani, kadi ya kuhifadhia mchezo kwa binamu, masalia ya mashine yake iliyoharibika, vyote mpaka shule ifunguliwe. Na adui yangu mkubwa alikuwa bibi. Ikiadhiniwa magharibi anatoka jikoni, mikono inanukia iliki, anachomoa waya. Kisima kiko mbali. Mchana wangu wote umepotea.

Siku ya mwisho ya likizo nilifika kwa joka la mwisho. Limebakiwa na uhai kidogo, adhana ikaanza. Bibi akashika waya.

"Bibi, usichomoe. Kesho narudisha vitu vya watu. Hili joka linaningoja mpaka nichague la kufanya."

"Linangoja?"

"Linangoja, bibi. Si kama ya Kizungu."

"Basi lina adabu kuliko wewe."

Akavua kanga ya begani, akaifunika televisheni. Nikasali mbio mbio. Nilipotoa salamu akaniuliza rakaa ngapi. Nikasema tatu.

"Mbili. Rudia."

Nikarudia. Kanga ilipoondolewa, joka lilikuwa pale pale. Nikachagua upanga. Lilipoanguka, majina ya waliotengeneza mchezo yakapanda taratibu kwenye kioo, na bibi akakaa mpaka jina la mwisho, naye hasomi hata moja.

Siku hizi hakuna anayeazima mashine, wala anayeombwa asichomoe waya. Ile kanga sijui iliishia wapi.

Asubuhi baada ya joka kuanguka tulirudisha kila kitu kwa mwenyewe, bibi na sahani za vitumbua, maana kwake cha kuazima hakirudi peke yake. Jirani alipokea mashine yake, akashukuru. Kule Qurum, binamu alishika kadi yake na kusema mbele ya wote kwamba nimedanganya. Nikafungua mdomo. Bibi akatangulia.

"Kamaliza," alisema, akiweka sahani mezani. "Nlikuwepo."