Mgonjwa wa Mwanza

Kwetu Migwani, huku Kitui, mtu haendi mahali kuona tu. Unaenda kuzika, kuozesha, kutibiwa, au kufuatilia kesi ya shamba. Ukionekana stendi na begi utaulizwa, kwa upole kabisa, "Kuna nini huko?" na jibu linalongojewa ni jina la shida. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili na sikuwa nimewahi kupanda basi la mbali bila shida mkononi.

Mimi ndiye binti aliyebaki nyumbani. Kaka zangu walioa wakahama, mmoja Nairobi, mwingine mjini Wote, nami nikabaki na cherehani yangu sokoni, nikishona sare za shule. Baadaye nikabaki na mama. Kiharusi kilimlaza miaka sita. Nilimgeuza, nikamwosha, nikamlisha uji kijiko kwa kijiko, na kila alasiri nilimwekea kwenye simu video za kwaya moja ya Mwanza aliyoipenda kupita zote. Waimbaji waliyumba juu ya majabali wakiwa na magauni ya kijani. Mama aliwasikiliza akifumba macho. Mimi, baada ya kuwaona mara mia moja, niliacha kuwatazama nikaanza kutazama kilichokuwa nyuma yao: kilima cha mawe makubwa yaliyopandana, nyumba zimejipenyeza katikati ya mawe, na chini yake maji yasiyoonekana ng'ambo. Sisi huchimba mchanga wa mto kutwa nzima kutafuta ndoo moja. Sina haja ya kueleza maji yale yalinifanya nini.

Miezi minne baada ya kumzika mama niliamua kwenda. Siku tano, peke yangu, nikakione kile kilima.

Ningeenda kimyakimya, lakini nilimwambia jirani anilishie kuku, na kumwambia jirani ni sawa na kutangaza kanisani. Jumapili mwenyekiti wa kina mama akanishika mkono mlangoni. Huyu alifundisha chekechea miaka thelathini, na hata leo akikuuliza kitu unajisikia uko mstari wa mbele na kamasi puani.

"Nimeskia unaenda Tanzania. Kuna nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ukweli, naapa. Lakini mdomo wangu ulikuwa na jibu moja tu ulilolizoea.

"Kuna mgonjwa."

"Aiya! Pole. Mgonjwa wa nani?"

"Wa upande wa mama. Ni wa mbali kidogo."

"Amelazwa ama ako nyumbani?"

"Amelazwa."

Kila uongo ulizaa mwenzake hapo hapo, na yeye akawa anatikisa kichwa kwa huruma. Nilirudi nyumbani nikijilaumu, lakini nikajifariji kwamba yameisha. Laiti ningekumbuka ninaishi na watu gani.

Alhamisi walikuja kina mama sita. Mkono mtupu haulambwi, na kwa mgonjwa ndiyo kabisa. Walileta mfuko na ndani yake kilo mbili za ndengu, chupa ya asali kutoka Nuu, leso mpya, na shali ya sufu aliyoifuma mzee wao, mama ambaye macho yake yamefifia na hufuma kwa kupapasa. "Umwambie imetoka kwa watu hawamjui," akaniambia. Kisha wakaweka mikono juu ya mfuko, wakaomba. Walimwombea mgonjwa nguvu, wakamwombea madaktari wenye hekima, na wakaahidi kila Jumatano watafunga hadi apone. Nilisema amina. Nilijichukia, lakini nilisema.

Mpakani Sirari afisa aliuliza mfuko ni wa nini. "Ni wa mgonjwa," nikasema. Akaondoa mkono wake haraka. "Pole sana mama. Mungu amponye." Sasa hata serikali ya Tanzania ilikuwa inaomba.

Nilifika Mwanza asubuhi. Nikasukuma ule mfuko chini ya kitanda cha gesti, nikaenda mkahawani jirani nikasema, kama tunavyosema kwetu, "Nipe chai na chapati." Dada aliyehudumia alitabasamu. "Mama ametoka Kenya. Huku tunasema naomba." Nikaomba. Chai ilikuja ile ile, lakini niliinywa polepole zaidi.

Kisha nikapanda. Hakuna aliyenionyesha njia. Nilifuata ngazi za mawe zilizopita mbele ya milango ya watu, kati ya masufuria na nguo zilizoanikwa. Jabali moja lilikuwa ukuta wa nyumba tatu. Jingine lilikuwa limeinama juu ya paa kwa namna ambayo mimi nisingelala usiku hata mmoja chini yake, na chini yake mtu alikuwa anachambua mchicha bila habari. Mwanamke kijana alipanda nyuma yangu na ndoo ya maji kichwani. Ziwa lote lile liko chini, na bado anapandisha maji! Nilicheka peke yangu. Nilidhani taabu hiyo ni yetu tu.

"Shikamoo, mama," akasema akinipita.

"Mzuri," nikajibu.

Alicheka mpaka maji yakamwagika begani. Nilikumbuka marahaba akiwa amekwisha kukata kona.

Juu kabisa nilikaa kwenye jiwe lenye joto. Kilima kile kile, kutoka upande ambao kamera haikuonyesha. Mabati yalishuka mpaka ukingoni, halafu mji ukaisha na maji yakaanza, na feri moja nyeupe ilikuwa inaondoka bila haraka. Nilifurahi. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu miaka mingi sikuwa na kitu cha kutumia neno hilo. Nilifurahi mpaka nikavua viatu.

Halafu nikakumbuka kwamba ni Jumatano.

Wanawake sita walikuwa wamefunga. Yule mzee wa shali, mwenye kisukari, alikuwa amefunga. Kwa ajili yangu mimi niliyevua viatu juu ya jiwe. Furaha yote ikageuka kitu cha wizi mikononi mwangu, na sikuweza kukaa tena.

Hospitali kubwa ya mji ule iko juu ya kilima kingine. Popote ulipo unaiona. Nilirudi gesti, nikachukua mfuko, nikapanda huko saa ya kuona wagonjwa. Nilikuwa nimeamua kumtafuta mgonjwa. Kama simjui, shauri yake.

"Kuna mtu ambaye haji kuonwa na yeyote?" nilimuuliza muuguzi.

Alinitazama. "Wewe ni wa kanisa gani?"

"La mbali."

Akanielekeza kitanda cha mwisho. Alikuwa mwanamke wa rika langu, kutoka kisiwa kimoja cha ziwani, aliyevunjika nyonga. Ndugu zake walimfikisha wakarudi, maana mihogo haijivuni. Nilimpa salamu za watu wa Kenya wasiomjua, nikamfunika shali, nikaweka asali, ndengu na leso kwenye kabati. Halafu mikono yangu ikaanza kazi bila kuniuliza. Ilinyoosha shuka, ikapanga mto, ikachukua kikombe ikakisuuza. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kwenda kukaa nilipokuwa nimekaa miaka sita.

"Dada," akasema, "acha kikombe. Kenya yote hiyo, umekuja Mwanza kufanya nini?"

"Kutembea."

"Kwa nani?"

"Si kwa mtu. Kuangalia tu."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti. Alicheka akashika nyonga, akacheka tena. "Mimi wiki ya tano niko hapa na dirisha langu linatazama ukuta. Basi kaangalie. Kesho uje unihadithie."

Siku iliyofuata niliangalia kama mtu aliyepewa kazi. Niliona mawe yaliyosimama majini, moja limebebwa na mengine kana kwamba mtu aliliweka akasahau kulirudia. Niliona soko la samaki, dagaa wameanikwa eneo lote kiasi kwamba viatu vyangu vilinuka mpaka Kitui. Niliona korongo wakubwa wenye vipara wakisubiri matumbo ya samaki kwa adabu, kama wazee wa kamati. Alasiri nikaenda nikamhadithia yote, na nikaongeza chumvi penye haja.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Hayo umenichagulia mimi mgonjwa," akasema. "Wewe mwenyewe ulipenda nini?"

Nilitafuta. Niliona aibu na jibu lililokuja, lakini huyu asingefika Migwani kamwe.

"Nilipenda kwamba siku nzima hakuna aliyeniita."

Sikuwahi kukiri, hata kwa Mungu, kwamba mama alipofariki nililia na huku sikio langu likapumzika. Nilingoja anishangae. Yeye alivuta shali mpaka kidevuni.

"Mguu huu umeniumiza vibaya," akasema. "Lakini wiki ile ya kwanza, dada, nililala. Nina watoto tisa. Nililala kama niliyelipiwa."

Kengele ya kuwatoa wageni ikalia. Siku mbili zilizobaki nilizitumia vibaya kabisa, kwa maana ya kwetu. Nilipanda vilima, nikakaa, nikashuka. Niliaga wodini asubuhi ya kuondoka.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kanisani. Baada ya matangazo mwenyekiti aliniita mbele niwape kina mama habari za mgonjwa. Njiani ndani ya basi nilikuwa nimepiga hesabu yangu vizuri. Mgonjwa alikuwapo sasa. Nilijua wodi, kitanda na nyonga gani. Ningesema kila kitu bila kuongeza neno la uongo, wangepiga makofi, na siri ingezikwa nami. Nilisimama, nikafungua mdomo. Nikamwona mzee wa shali ameelekeza sikio upande wangu, kwa vile macho hayamsaidii.

"Nilipowaambia kuna mgonjwa, hakukuwa," nikasema. "Niliwadanganya. Nilitaka tu kwenda kuona Mwanza."

"Aiya!" akasema mtu nyuma.

"Na shali?" akauliza mzee.

"Nilimpa mgonjwa. Nilimtafuta hospitalini mpaka nikampata."

"Sasa alikuwa ama hakukuwa?"

Watu wawili walicheka, mwenyekiti hakucheka. "Keti," akaniambia, kama alivyowaambia watoto wa chekechea, nami nikaketi.

Wiki mbili zilizofuata nilijua bei ya kuaminiwa. Hakuna aliyenitukana, sisi si watu wa matusi. Walinisalimu, lakini walisalimu na kupita. Kwenye orodha ya wanaokwenda kuwaona wagonjwa, ambayo nilikuwamo tangu ujana, jina langu halikusomwa. Nilishona sare nikiwa nimeinamisha kichwa, na niliogopa kweli. Mtu asiye na mume wala mtoto, akikosa watu wa kanisa lake, atazikwa na nani?

Alhamisi ya tatu nilisikia geti. Walikuwa sita, na kikapu. Unga, maziwa, sukari, mkate. Mwenyekiti aliingia bila kungoja kukaribishwa, akavuta kiti.

"Tumekuja kuona mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Ule tuliomba."

"Mwalimu, nilishawaambia. Hakukuwa na mgonjwa."

"Tulifunga Jumatano mbili," akasema. "Haiwezekani tufunge Jumatano mbili na hakuna mgonjwa. Tumekaa tukafikiria. Mtu anatoka hapa mpaka Tanzania kukaa juu ya mawe, peke yake. Huyo ni mtu ako sawa?"

"Mimi si mgonjwa."

"Hata mama yako alikuwa anasema hivyo." Alitazama kitanda cha mama, ambacho sikuwa nimekiondoa. Sauti yake ya darasani ikapungua. "Miaka sita tukikuja hapa tulikuwa tunasalimia yeye, na wewe unatupikia chai. Sikumbuki kama tulikuuliza wewe uko aje."

Nilitaka kuwa na hasira. Nilikuwa na haki, maana nilikwenda Mwanza kwa kuwa nilitaka, na ningeenda tena kesho. Si ugonjwa huo. Lakini mzee wa shali alikuwa ameupata mkono wangu kwa kupapasa na alikuwa ameushika. Nikainuka niwapikie chai.

"Wewe kaa chini," akasema mwenyekiti.

Nikakaa. Wawili wakaingia jikoni kwangu. Niliwasikia wakivunja vijiti, wakifungua makopo, mmoja akimuuliza mwenzake kiberiti kinawekwa wapi. Kilikuwa nyuma ya debe la unga. Nilinyamaza, wakakitafuta wenyewe.